Ruzuku Ndogo ya Utafiti wa Usafirishaji Haramu wa Binadamu: Mapitio ya Mpokeaji wa Dodoma

Watu huandika mapitio ya hoteli, ya simu na ya mabasi ya kwenda Mwanza, lakini huduma ya kugharimia utafiti ni nadra kupitiwa hadharani, na sababu haihitaji mpiga ramli: aliyepokea fedha mwaka huu anatumaini kuzipokea tena mwakani. Mimi na wenzangu wawili tulipokea ruzuku ndogo ya kuchunguza usafirishaji haramu wa binadamu katika mikoa ya Dodoma na Singida, tukaitumia kwa miezi kumi na minne, tukafunga hesabu, na sasa naona ni haki kuieleza kama mteja anavyoeleza huduma aliyoitumia. Mfuko wenyewe uko nje ya nchi na sitautaja jina. Wenzangu wa taasisi nyingine wamenisimulia mambo yanayofanana mno na haya kuhusu mifuko mingine, kwa hiyo jina lisingeongeza kitu.

Nianze na sifa, kwa kuwa zipo. Fomu ya maombi ilikuwa imeandikwa na mtu anayelijua jambo lenyewe. Ilimtaka mwombaji aonyeshe kwamba anaelewa vipengele vitatu vinavyolifanya tendo kuwa usafirishaji haramu kwa mujibu wa Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000: tendo, kama vile kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama vile nguvu, ulaghai au kutumia vibaya hali yake ya unyonge, na kusudi, yaani unyonyaji. Ikamtaka pia aonyeshe kwamba anajua kuwa kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 kipengele cha njia hakihitajiki, hata kama mtoto mwenyewe alikubali na kushangilia. Tanzania iliridhia itifaki hiyo mwaka 2006 na kutunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008. Nimekwisha kuona mafomu ya mashirika makubwa zaidi yanayochanganya usafirishaji haramu na magendo ya kuvusha wahamiaji mipakani, kwa hiyo fomu inayotenganisha mambo hayo mawili ilinipa moyo.

Swali tulilopeleka lilikuwa la nyumbani kabisa. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya mwaka 2012 na 3,085,625 katika sensa ya mwaka 2022. Serikali imehamia, majengo ya mji wa serikali wa Mtumba yamesimama, watumishi wamekuja na familia zao, na kila familia ambayo baba na mama wanatoka asubuhi kwenda ofisini inatafuta dada wa kazi. Zamani msichana wa Bahi au Manyoni aliyechukuliwa kwenda kwa watu alipelekwa Dar es Salaam. Siku hizi safari yake inaweza kuishia Dodoma mjini, saa mbili kutoka kwao, na bado asionekane nyumbani kwa miaka mitatu. Tulitaka kujua ni nani huwachukua, kwa ahadi gani, na ni wakati gani kazi ya kawaida ya ndani hugeuka utumwa.

Tulipewa shilingi milioni 41 kwa awamu tatu. Kwa utafiti wa aina hii kiasi hicho kinatosha, nami sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu wa kwanza ni kalenda. Wasichana wengi wa vijiji tulivyovichagua huondoka katika kipindi kimoja kinachojulikana, yaani kati ya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na mvua za Desemba, wakati shule imekwisha, matokeo hayajatoka na ghala limeanza kuonyesha sakafu. Tulieleza hivyo kwenye maombi kwa maneno yasiyo na fumbo. Fedha ya awamu ya kwanza iliingia benki wiki ya tatu ya Novemba, kwa sababu kamati ya mfuko hukutana mara mbili kwa mwaka na mkataba ulikaa kwa wanasheria wao miezi miwili na nusu. Hapo bado kuna kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, na kila mlango una siku zake. Tulipopata ruhusa ya kuingia kijijini wasichana tuliotaka kuwaona wakiondoka walikuwa wamekwisha kuondoka, na barabara ya kwenda Mvumi ilikuwa tope. Msimu wa kwanza tuliupoteza hivyo. Ofisa wa programu, ambaye kwa mengine alikuwa msikivu, alijibu kwamba tarehe za kamati hazibadiliki.

Dodoso ndilo lililotusumbua zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Mfuko ulitaka watafiti wote wa awamu hiyo, walioko nchi saba, watumie viashiria vilevile ili matokeo yalinganishwe. Nia ni njema. Taabu ni kwamba viashiria hivyo vilizaliwa katika tafiti za wafanyakazi wanaovuka mipaka ya nchi. Swali la kumi na moja liliuliza kama mwajiri alichukua na kuzuia hati za kusafiria za mhojiwa. Msichana wa miaka 15 kutoka kata ya ndani kabisa ya Chamwino hajawahi kushika pasipoti, pengine hata cheti cha kuzaliwa hajawahi kukiona, kwa hiyo jibu lilikuwa "hapana" kutoka nyumba hadi nyumba, na kwenye jedwali "hapana" husomeka kama habari njema. Mmoja wao alituambia bila kuulizwa kitu ambacho dodoso lilikosa kabisa: namba ya simu ya mama yake ilikuwa kwenye simu ya mwajiri tu, na yeye hakuwa ameikariri. Alipotaka kuongea na nyumbani aliomba, na alipomuudhi mama mwenye nyumba hakupewa. Namba kumi zilizoandikwa kwenye kikaratasi zingefanya kazi ambayo wenzetu wanaochunguza wafanyakazi wa nchi za Ghuba wanaitarajia kutoka kwa pasipoti.

Swali jingine liliuliza: "Je, ulizuiwa kutoka nje ya nyumba?" Mhojiwa alifikiri, akaniambia, "Hapana, mama. Geti lilikuwa wazi. Sasa ningekwenda wapi?" Msaidizi wetu alikuwa amekwisha kuweka alama kwenye "hapana" kabla sentensi haijaisha. Tuliiandika sentensi nzima pembeni, na tangu siku hiyo tukaanza kuandika pembeni kila kitu, hata madodoso yetu yakawa na maneno mengi nje ya visanduku kuliko ndani.

Hata jina la jambo lenyewe lina mtego. Mwanakijiji akisikia "usafirishaji haramu" anafikiria lori, gari la kifo, watu waliojificha chini ya magunia. "Mwanangu hakusafirishwa," aliniambia mama mmoja wa Manyoni ambaye binti yake alikuwa amefanya kazi miezi ishirini bila mshahara, "nauli tulilipa wenyewe." Watu husema mtoto alichukuliwa, au alipelekwa kwa watu, au alifuatwa na shangazi. Tulipobadilisha maneno ya kufungulia mazungumzo na kutumia "kupelekwa kwa watu", milango ilifunguka. Mfuko ulikubali mabadiliko hayo baada ya barua pepe nne, na nawashukuru kwa dhati, ingawa walisisitiza maneno ya awali yabaki kwenye kichwa cha fomu.

Kuhusu njia ya kuhesabu, mfuko uliipenda sana sampuli inayoongozwa na wahojiwa wenyewe, njia iliyoelezwa na Mmarekani Douglas Heckathorn mwaka 1997. Unaanza na watu wachache, unampa kila mmoja kuponi tatu, naye anawapa wenzake walio katika hali kama yake ili nao waje kuhojiwa. Kisha hesabu hurekebishwa kulingana na idadi ya watu ambao kila mhojiwa anawafahamu. Kwa watu waliofichika ni njia ya busara. Lakini inahitaji kwamba wahusika wajuane na waweze kukutana. Dada wa kazi wa Dodoma hukutana kwenye mashine ya kusaga, kwenye duka la Mangi la mtaani na kanisani siku ya Jumapili, kama anaruhusiwa kwenda kanisani. Kuponi zetu zilitembea vizuri miongoni mwa wasichana wenye uhuru kiasi hicho. Yule asiyetoka, ambaye ndiye hasa tuliyekuwa tunamtafuta, hakuna aliyekuwa na njia ya kumpa kuponi. Hivyo makadirio yetu ni ya walio na afadhali, na nimeliandika hilo kwenye ripoti kwa herufi zilezile za ukurasa wa kwanza, si kwenye kiambatisho.

Mshauri wa mfuko alipendekeza njia mbadala, ya kulinganisha orodha za waathirika kutoka ofisi mbalimbali na kuangalia ni majina mangapi yanajirudia. Ndiyo iliyotumika Uingereza mwaka 2014, ambapo mtakwimu Bernard Silverman alikadiria kuwa waathirika wa mwaka 2013 walikuwa kati ya 10,000 na 13,000, wakati waliojulikana rasmi walikuwa 2,744. Nasi tulijaribu. Tulizungukia ofisi tatu, tukaonyeshwa madaftari. Katika moja msichana aliandikwa kwa jina la ubatizo peke yake, katika jingine kwa jina la baba, katika la tatu aliandikwa "binti wa Kigogo, miaka kama 14". Kujua kama hao ni watu watatu au ni mmoja kusingewezekana hata angekuja Silverman mwenyewe. Mfuko ambao ungegharimia miaka miwili ya kuyapanga madaftari hayo ungewasaidia watafiti wote watakaotufuata, lakini kazi hiyo haikuwa miongoni mwa shughuli zinazogharimiwa, kwa kuwa haizalishi makadirio ndani ya mwaka wa mkataba.

Sasa nifike kwenye siku ambayo kwangu ndiyo inayoamua thamani ya huduma hii. Msimu wa pili, mwezi Oktoba, tulikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, si mbali na barabara kuu ya kwenda Singida. Bibi mwenye kaya alikuwa akinijibu maswali kuhusu mjukuu wake mkubwa aliyerudi kutoka mjini. Pembeni ya mlango alikaa mjukuu mdogo, miaka 13, amesukwa nywele upya, amevaa viatu vilivyomzidi, na kando yake lilikuwapo begi la shangazi kaja, lile la nailoni la mirabaraba, limefungwa zipu hadi mwisho. Niliuliza anakwenda wapi. Bibi alisema anafuatwa kesho asubuhi na shangazi. Shangazi wa upande gani? Bibi alinyamaza, kisha akasema ni shangazi tu, mama mmoja mtu mzuri, alikuja wiki iliyopita na kilo tano za sukari.

Dodoso langu lilikuwa na sehemu ya aliyerudi na sehemu ya aliye huko. Halikuwa na sehemu ya anayeondoka kesho.

Tulipiga simu 116, namba ya huduma kwa mtoto, ikapokelewa, na maelezo yakachukuliwa kwa utaratibu mzuri. Tukampigia ofisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, mtu mwenye moyo, akasema yuko tayari kuja jioni ileile ila gari halina mafuta. Tukaweka mafuta. Akaja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, wakazungumza na familia hadi giza likaingia, bibi akauliza swali lililotushinda wote kulijibu haraka: "Sasa wanangu, akibaki, atakula nini hadi mavuno?" Ofisa aliandika jina la kaya ili aliulizie kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na familia ikakubali mtoto asubiri matokeo yake ya darasa la saba. Asubuhi yake hakuna shangazi aliyeonekana kituoni. Yaelekea alipata habari kabla jogoo hajawika, kijiji ni kijiji.

Mafuta, nauli ya askari na chakula cha jioni viligharimu shilingi 86,000. Katika maombi yetu tulikuwa tumeweka fungu dogo la dharura ya mshiriki, nalo lilikuwa limefutwa wakati wa kupitia bajeti, kwa maelezo kwamba mfuko unagharimia utafiti na si huduma kwa waathirika. Tulipopeleka hesabu, gharama hiyo ilikataliwa kama matumizi yaliyo nje ya shughuli zilizoidhinishwa, na ikakatwa kwenye awamu ya tatu. Sikatai kwamba kanuni ni kanuni. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu kuwahoji wanawake waliosafirishwa kiharamu, ambao mkataba wa mfuko huohuo ulitutaka tuufuate, una mapendekezo kumi, na miongoni mwake ni kuandaa mapema mahali pa kumpeleka mhojiwa anayehitaji msaada na kuwa tayari kuchukua hatua ya dharura. Mkataba ulitudai tuwe tayari na bajeti ikatunyima cha kuwa tayari nacho. Mtafiti akifuata bajeti, anafunga dodoso, anaaga, na kesho yake anakuwa na mfano mzuri sana wa kuandika kwenye ripoti.

Masuala ya hesabu kwa ujumla nisiyarefushe. Mfuko ulikubali hati ya malipo iliyosainiwa pale ambapo risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, haipatikani, jambo ambalo mifuko mingi hukataa, na dereva wa bodaboda wa Mvumi aliyetuuliza kama tulitaka aichape risiti kwenye paja lake alistahili uungwana huo. Ripoti zilitakiwa kwa Kiingereza tu. Muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya vijiji tuliuandika kwa muda wetu na kuutoa nakala kwa fedha zetu.

Kuna atakayesema tunaipima huduma kwa ukali wakati ambapo fedha zenyewe zinapungua. Ni kweli zinapungua. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tarehe 20 Januari 2025, kwanza kwa siku 90, kazi nyingi katika eneo hili zimefungwa katikati, na wapo watafiti ninaowafahamu waliobaki na madodoso yasiyoingizwa kwenye kompyuta. Sheria yetu ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa ndani wa kupambana na uhalifu huu, nami ningependa siku moja utenge fungu la utafiti hata kama ni dogo, kwa sababu anayetoa fedha ndiye anayechagua swali. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa wa kisasa, milioni 27.6 wakiwa katika kazi za shuruti na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Ni hesabu nzito, na kila mwombaji huiweka kwenye ukurasa wa kwanza, nasi tuliiweka. Haimwambii ofisa wa Bahi lolote kuhusu mama anayepita na sukari mwezi Oktoba.

Kwa ujumla naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Moja ni ya fomu yenye akili, moja ya ofisa wa programu aliyejibu barua zote, na moja ya kukubali maneno yetu ya Kiswahili. Mbili nimezizuia kwa sababu ya kalenda na kwa sababu ya zile shilingi 86,000. Anayetaka kuomba namshauri aingize gharama za dharura ndani ya fungu la maadili ya utafiti, si chini ya jina lake lenyewe, kwa kuwa mwenzetu mmoja wa mkoa mwingine alifanya hivyo na halikuguswa. Na aombe katika dirisha la kwanza la mwaka, si la pili, la sivyo atafika kijijini na kukuta vitanda vitupu.

Dirisha jipya lilipofunguliwa tuliomba tena. Tumependekeza awamu ya kwanza ilipwe mwezi Julai, na safari hii tumeongeza kwenye dodoso sehemu ya anayeondoka kesho. Barua ya kupokelewa kwa maombi imekuja. Ya kalenda bado tunaisubiri.